SPIKA YA GITAA IKIFA, TUNUNUE IPI?



Matawi mengi ya chama yana bendi, au yanatamani kuwa nayo. Kwa jirani zetu wa Tanzania jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1964 chama cha NUTA kilikuwa na bendi yake, NUTA Jazz. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA, bendi ikaitwa JUWATA Jazz, baadaye ikawa OTTU Jazz, na leo watu wanaijua kwa jina la Msondo Ngoma. Sisi huku Uganda, kwenye mashamba ya chai, hatujafika mbali hivyo. Bendi ya tawi letu ina magitaa matatu, ngoma, na amplifaya mbili za mitumba. Lakini kazi yake ni ileile. Gitaa likilia Jumapili mchana, watu wanatoka kambini kuja kusikiliza. Wakishakusanyika, katibu anapata watu wa kuzungumza nao habari za mishahara na mizani ya kupimia majani.

Tunaandika makala haya kwa sababu tuliwahi kuunguza amplifaya ya wanachama kwa kununua spika isiyofaa. Hatukuibiwa, wala hakuna aliyefanya kwa ubaya. Hatukujua tu. Ni vema matawi mengine yajifunze kwa hasara yetu kuliko kila tawi kulipia hasara yake.

MAMBO YALIVYOKUWA

Amplifaya yetu ya gitaa la solo ilikuwa ya valvu, zile taa za kioo za zamani, yenye nguvu ya wati 50. Ndani ya kasha lake zilikuwamo spika mbili za inchi 12. Moja ilianza kukwaruza, halafu ikanyamaza kabisa. Kamati ikakaa, ikatoa fedha, ikamtuma ndugu mmoja mjini. Akarudi na spika nzuri kwa sura, ya kufungwa kwenye gari, iliyoandikwa wati 500 juu ya boksi. Sote tulifurahi. Tulisema, amplifaya ni wati 50, spika ni wati 500, sasa haitaungua tena.

Tukaifunga Ijumaa. Jumamosi bendi ikapiga harusini tangu saa mbili usiku. Sauti ilikuwa ndogo kuliko zamani, kwa hiyo mpigaji akaongeza, akaongeza tena. Ilipofika saa sita, valvu zikawa nyekundu kama mkaa, ikatoka harufu ya kuungua, sauti ikakatika. Fundi alipofungua akakuta transfoma ya kupeleka sauti kwenye spika imeungua. Spika ile ya gari ilikuwa nzima. Yaani chombo cha bei ndogo kilipona, cha bei kubwa kikafa.

Miezi mitatu bendi ilikaa kimya, na mikutano ilipungua watu. Hatumlaumu aliyetumwa. Sisi tuliotia saini hatukumwambia atafute spika ya namna gani. Tulimpa fedha tu.

SPIKA INAVYOFANYA KAZI

Nyuma ya spika mna sumaku. Katikati ya sumaku mna mwanya mwembamba wa duara, na ndani ya mwanya huo inaning'inia koili ya waya iliyogundishwa kwenye karatasi. Umeme kutoka kwenye amplifaya ukipita katika koili, sumaku inaisukuma koili mbele na nyuma. Koili inatikisa karatasi, karatasi inatikisa hewa, nasi tunasikia gitaa.

Mwanya ule ni mwembamba sana. Koili ikipata joto kupita kiasi, gundi inalainika, waya unalegea na kuanza kugusa sumaku. Ndiyo mkwaruzo unaosikika kabla spika haijafa.

KWANZA HAKIKISHA NI SPIKA

Kabla ya kutoa hata shilingi, hakikisheni ugonjwa uko wapi. Zimeni amplifaya, chomoeni waya wa umeme, halafu tazameni mambo matatu.

Moja, tazameni karatasi. Ikiwa imechanika kidogo pembeni, inaweza kuzibwa kwa karatasi nyembamba na gundi, na spika ikaendelea miaka mingi. Hapo hakuna haja ya kununua.

Mbili, sukumeni karatasi taratibu kwa vidole vya mikono miwili, pande zote sawa. Ikienda na kurudi bila sauti, koili iko sawa. Mkisikia msuguano, koili inagusa sumaku.

Tatu, chomoeni waya mmoja wa spika, mpime kwa mita ya fundi redio. Mita isipoonyesha kitu, koili imekatika. Wakati mwingine kilichokatika ni ule waya mlaini unaotoka kwenye ncha za kulehemu kwenda kwenye karatasi, na fundi anaweza kuulehemu upya.

Hata koili ikiwa imeungua, ulizeni kama fundi anaweza kuweka koili na karatasi mpya. Fremu na sumaku huwa zingali nzima, na kwa spika nzuri ya zamani kazi hii mara nyingi ni nafuu kuliko kununua nyingine. Lakini afanye fundi anayeijua.

OMU NDIYO KITU CHA KWANZA

Ikibidi kununua, swali la kwanza si bei wala wati. Ni omu. Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme. Fikirini pampu ya maji na bomba lake. Omu kubwa ni bomba jembamba, maji yanapita kidogo. Omu ndogo ni bomba pana, maji yanapita mengi na pampu inafanya kazi kubwa. Bomba likiwa pana kuliko uwezo wa pampu, injini inapata joto na kuungua.

Spika za gitaa nyingi ni za omu 4, 8 au 16, na idadi huandikwa nyuma ya sumaku. Ikiwa maandishi yamefutika, mita ya fundi itasaidia, ila mjue kwamba mita huonyesha pungufu kidogo. Spika ya omu 4 husoma kama 3 na kitu, ya omu 8 husoma kati ya 6 na 7, na ya omu 16 husoma kati ya 11 na 13. Mkiona 6.5 msiseme ni spika mbovu. Hiyo ni ya omu 8.

Spika zikiwa mbili, hesabu inabadilika kwa jinsi zilivyofungwa. Zikifungwa sambamba, yaani nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, mbili za omu 16 zinakuwa mzigo wa omu 8, na mbili za omu 8 zinakuwa omu 4. Zikifungwa kwa mfululizo, umeme upite katika moja ndipo uingie ya pili, tunajumlisha: mbili za omu 4 zinakuwa omu 8, na mbili za omu 8 zinakuwa omu 16.

Sasa tazameni kosa letu. Amplifaya yetu ilitaka mzigo wa omu 8. Spika zake zilikuwa mbili za omu 16 zilizofungwa sambamba. Sisi tukatoa moja ya omu 16, tukaweka ya gari, na spika za gari kwa kawaida ni za omu 4. Omu 16 na omu 4 zikifungwa sambamba zinatoa omu 3.2. Tuliifungia pampu bomba pana zaidi ya mara mbili ya lile linaloifaa, tukaiacha hivyo usiku mzima.

Kosa halikuishia hapo. Umeme hupenda njia pana. Katika kila wati 5 zilizotoka, wati 4 zilikwenda kwenye spika ya gari, na wati 1 tu ikafika kwenye spika nzuri ya gitaa. Ndiyo maana sauti ilikuwa ndogo, na mpigaji akazidi kuongeza. Kwa hiyo spika za kasha moja ziwe na omu sawa.

Amplifaya ya valvu na ya transista hazifanani katika jambo hili. Ya valvu inataka omu ziwe zilezile zilizoandikwa nyuma yake. Ikiwa ina swichi ya 4, 8 na 16, swichi ielekezwe kwenye idadi ya mzigo wenu. Tena msiiwashe na kuipiga bila spika kabisa. Umeme ukikosa pa kwenda hupanda ndani ya transfoma na unaweza kuichoma. Ya transista ina kiwango cha chini. Ikiandikwa omu 4, msishuke chini ya 4. Mkiweka omu 8 haiharibiki, ila nguvu yake inapungua karibu nusu.

WATI SI SAUTI

Jambo la pili ni wati, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Wati za spika hazisemi spika inatoa sauti kubwa kiasi gani. Zinasema inaweza kubeba mzigo gani bila kuungua. Lori likiandikwa tani 7 mlangoni, hiyo si kasi yake. Vivyo hivyo spika.

Spika ibebe zaidi ya amplifaya inavyotoa. Amplifaya ya valvu iliyoandikwa wati 30, ikifunguliwa mpaka mwisho, inaweza kutoa zaidi sana ya hizo 30. Kanuni tunayotumia ni hii: wati za spika ziwe mara moja na nusu mpaka mara mbili ya wati za amplifaya. Spika zikiwa mbili zenye omu sawa, kila moja hubeba nusu ya mzigo. Kwa amplifaya yetu ya wati 50, kila spika inapata 25, kwa hiyo tunatafuta mbili za wati 40 au 50.

Msidanganywe na jina wala boksi. Kampuni ya Celestion ya Uingereza ina spika mashuhuri iitwayo Vintage 30. Wengi hudhani 30 ni wati zake, kumbe inabeba 60. Nyingine ya kampuni hiyohiyo, Greenback ya namna ya G12M, inabeba 25, na ile ya rangi ya buluu iitwayo Celestion Blue inabeba 15 tu, ingawa bei yake ni kubwa. Kwa hiyo someni idadi yenyewe, si jina. Na zile wati 500 za boksi la spika ya gari mara nyingi ni nguvu ya kufumba na kufumbua, si ya kupiga usiku kucha. Tafuteni idadi iliyoandikwa pamoja na herufi RMS. Hiyo ndiyo ya kazi ya mfululizo.

DESIBELI: HAPA NDIPO SAUTI ILIPO

Mkitaka kujua spika ipi inalia kwa nguvu, tafuteni desibeli. Kiwandani hupeleka spika wati 1, wakasimama mita 1 mbele yake, wakapima. Spika nyingi za gitaa za inchi 12 hutoa kati ya desibeli 95 na 101.

Msidharau tofauti ndogo. Desibeli 3 ni sawa na kuongeza nguvu ya amplifaya mara mbili. Amplifaya ya wati 50 yenye spika ya desibeli 100 inalia sawa na amplifaya ya wati 100 yenye spika ya desibeli 97. Tawi lisilo na fedha za kununua amplifaya kubwa linaweza kupata sauti kubwa kwa kuchagua spika vizuri. Kwa maoni yetu, hii ndiyo faida kubwa ya kulijua jambo hili.

Lakini mkibadilisha spika moja tu kati ya mbili, desibeli zake zikaribiane na za mwenzake. Vinginevyo moja itapiga kelele, na nyingine haitasikika.

SPIKA YA GITAA IWE YA GITAA

Spika ya gari, ya redio kubwa ya nyumbani na ya gitaa zinafanana kwa macho, lakini kazi zao ni mbalimbali. Ya gitaa ina karatasi ngumu na nyepesi, na inatoa sauti za katikati, kuanzia kama hezi 75 mpaka 5,000 hivi. Juu ya hapo inanyamaza, na hiyo ni faida, kwa sababu gitaa la umeme likipita katika spika inayotoa sauti nyembamba sana linatoa ukali unaochoma masikio.

Upande wa chini, uzi mnene wa gitaa la solo unatoa hezi 82. Uzi mnene wa gitaa zito la besi unatoa hezi 41. Spika ya gitaa la solo haikutengenezwa kutikisika hivyo. Ikipigiwa besi kwa nguvu, karatasi inarukaruka kupita mwisho wake na kupasuka. Tumeona bendi zikiharibu spika nzuri kwa sababu siku moja amplifaya ya besi ilikosekana, mpiga besi akachomeka kwenye ya solo. Mkatazeni, hata kama ni mwenyekiti.

Kuhusu ladha ya sauti, kila mpigaji ana sikio lake. Wapigaji wa roki wa Ulaya na Marekani hupenda spika za wati chache zinazoanza kukoroma mapema. Muziki wetu wa rumba na benga unataka gitaa safi, kila uzi usikike peke yake. Kwa hiyo sisi tunashauri spika yenye wati za kutosha na desibeli nyingi, isiyokoroma upesi. Sumaku zinazotumika sana ni aliniko na feriti. Aliniko zinasifiwa kwa ulaini wa sauti, lakini ni ghali. Feriti ni nzito na za bei nafuu, na kwa bendi ya tawi zinatosha kabisa.

UKUBWA NA KUFUNGA

Pimeni kabla ya safari ya mjini. Pimeni upana wa fremu, umbali kati ya matundu ya skrubu, na kina cha kasha. Spika mpya ikiwa na sumaku kubwa inaweza kugonga transfoma au valvu zilizo ndani.

Kazi ya kufunga ni rahisi, ila tahadharini. Ndani ya amplifaya ya valvu mna kapasita zinazotunza umeme wa volti 400 na zaidi hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Umeme huo unaua. Fungueni kasha la spika tu, na sanduku la mitambo mwachieni fundi.

Msifungie spika juu ya meza ya karakana penye unga wa chuma. Sumaku itauvuta, utaingia katika mwanya, na mkwaruzo hautatoka tena. Kazeni skrubu kwa kupokezana, moja huku na nyingine upande wa pili, wala msikaze kupita kiasi, maana fremu ikipinda koili itaanza kugusa.

Spika zikiwa mbili, lazima zisukume hewa pamoja. Gusisheni betri ndogo ya volti 1.5 kwa kitambo kifupi, upande wa kujumlisha kwenye ncha nyekundu, mtazame karatasi inakwenda wapi. Zote mbili ziende upande mmoja. Moja ikienda mbele na nyingine nyuma, zinauana sauti, na gitaa linakuwa jembamba. Badilisheni nyaya za moja.

Mwisho, kati ya amplifaya na kasha la spika lililo mbali tumieni waya mnene wa nyuzi mbili. Waya wa kuchomekea gitaa haufai hapo. Ni mwembamba, na unaweza kupata joto na kukatika au kugusana ndani.

FEDHA NI ZA WANACHAMA

Ndugu, spika moja ni makato ya watu wengi. Kuna mama anayechuma majani tangu alfajiri, mtoto mgongoni, na sehemu ya jasho lake imo katika chombo kile. Kwa hiyo ununuzi usiwe siri ya watu wawili. Sisi sasa tunafanya hivi. Mpigaji, fundi na mweka hazina wanakaa pamoja na kuandika kwenye karatasi: inchi ngapi, omu ngapi, wati ngapi kwa uchache, desibeli ngapi, spika ya gitaa au ya besi. Katibu anatia saini. Anayekwenda mjini anachukua karatasi ile pamoja na mita. Anapima dukani kabla ya kulipa, na anarudi na stakabadhi inayosomwa mbele ya mkutano. Duka likikataa spika isipimwe, aende duka jingine.

Amplifaya yetu ilisukwa transfoma upya, nayo inalia. Nyuma ya kasha tumeandika kwa rangi nyeupe, herufi kubwa: SPIKA MBILI, KILA MOJA OMU 16, WATI 50. Sisi tunaoongoza tawi leo tutaondoka, na wengine watachaguliwa. Yule atakayekuja hatalazimika kuuliza wala kubahatisha. Tunawaomba ndugu wa matawi mengine mchukue brashi na rangi, mfanye vivyo hivyo wiki hii, kabla spika haijafa.